Kufundisha Ugunduzi wa Hitilafu kwa Baiskeli ya Umeme

Mwanafunzi wa ufundi akiletewa chombo kilichoharibika, aghalabu fikira yake ya kwanza ni spea. Hujiuliza ni kipuri gani kibadilishwe kabla hajajiuliza ni kazi gani haitendeki. Tabia hiyo ina gharama, na gharama yenyewe haimwangukii mwanafunzi wala mwalimu wake. Tuchukue mama anayesomba mboga kutoka Uyole hadi soko la Mwanjelwa kwa baiskeli ya umeme. Fundi asiyejua kufikiri akimwambia kwamba kontrola imekufa, mama huyo atalipia kontrola iagizwe kutoka mbali, atangoje, na ikifika huenda baiskeli ikabaki vile vile, kwa kuwa kosa lilikuwa katika waya wa breki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hitilafu za msaada wa pedeli zinavyoweza kutumiwa kumfundisha mwanafunzi kutafuta kosa kwa utaratibu. Baiskeli ya umeme bado si chombo cha kila mtu katika Nyanda za Juu Kusini. Hata hivyo, tangu Januari 2024 ulipoanza kutekelezwa mtaala mpya wenye mkondo wa amali, walimu wengi wa sekondari wamejikuta wakihitaji chombo kinachounganisha umakanika na umeme katika somo moja. Sijaona kingine kinachofaa kuliko hiki. Mwanafunzi anaifahamu baiskeli tangu utotoni, hivyo ugeni uliomo ni wa sehemu chache tu.

Yafaa kwanza mwalimu aieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Mpandaji akizungusha pedeli, pete ndogo ya plastiki iliyofungwa kwenye mhimili wa pedeli huzunguka pamoja nao. Ndani ya pete hiyo mna sumaku kadhaa, mara nyingi 8, 10 au 12. Kando yake pametulia kihisi kisichozunguka, kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879: waya au kipande cha madini kinachopitisha umeme kikikaribiwa na sumaku, hutokea volteji ndogo ubavuni mwake. Kila sumaku ipitapo, kihisi hupeleka mpigo mmoja kwenye kontrola. Pete ikiwa na sumaku 12, na pedeli ikizunguka mara moja kwa sekunde, kontrola hupokea mipigo 12 kwa sekunde. Ikisharidhika kwamba mipigo ni ya kweli na pedeli inakwenda mbele, hufungua mkondo wa betri kuelekea mota.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulikosea mara kwa mara. Kihisi cha namna hii hakipimi nguvu ya mguu. Hupima mzunguko tu. Vipo vihisi vingine, vya bei kubwa zaidi, vipimavyo nguvu ya kukanyaga, lakini baiskeli nyingi za bei nafuu hazinavyo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "nakanyaga kwa nguvu zote lakini mota haiongezi" huenda anakilaumu chombo kisicho na kosa.

Kabla ya bisibisi, mwanafunzi afundishwe kuuliza. Somo hili husahauliwa kwa kuwa halina vifaa. Mwalimu achague mwanafunzi mmoja awe mwenye baiskeli, ampe siri ya hitilafu, na mwingine awe fundi. Fundi aanze kama ipasavyo kumwanza mtu mzima: "Shikamoo, mama. Pole na usumbufu." Baada ya marahaba ndipo aulize: Ilianza lini? Inakataa wakati wote au mlimani tu? Ilinyeshewa? Ilianguka? Kioo cha usukani kinawaka? Kuna mtu aliyekwisha kuifungua? Mwenye baiskeli atajibu kwa lugha ya watu: imekufa, haina nguvu, inashtuka, ukipumzika inapona. Darasa zima liandike maneno hayo ubaoni, kisha lijadili kila neno linaelekeza wapi. Ninaamini nusu ya kazi ya fundi imo katika mazungumzo hayo. Mwanafunzi asiyeweza kumsikiliza mama wa Uyole hatasaidiwa na mita ya umeme.

Baada ya hapo huja njia ya kugawa nusu. Saketi nzima ichorwe ubaoni kama mnyororo: betri, kontrola, mota, na kwenye kontrola ziingie nyaya za kihisi cha pedeli, za breki, za kioo cha usukani, na za ekseleta ya mkono kama ipo. Swali ambalo mwalimu hulitoa ni moja tu: "Ni jaribio gani moja litakaloondoa nusu ya washukiwa?" Wanafunzi waachwe wabishane. Watataja mengi, na mwalimu asilitoe jibu hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Jaribio lenyewe ni ekseleta. Baiskeli isimamishwe gurudumu lenye mota likiwa juu, nguo na vidole viwekwe mbali, kisha ekseleta ivutwe kidogo. Mota ikizunguka, betri ina umeme wa kutosha kuizungusha bila mzigo, kontrola inaamrisha, mota inatii, na breki hazijakata mkondo. Washukiwa waliobaki ni kihisi cha pedeli, nyaya zake, pete ya sumaku, na mpangilio wa kiwango cha msaada kwenye kioo. Jambo hili la mwisho lisidharauliwe; kiwango kikiwa sifuri hakuna fundi atakayeiponya baiskeli. Mota isipozunguka, upande wa pili wa mnyororo ndio wa kuchunguzwa. Baiskeli isiyo na ekseleta huwa na kitufe cha kuisukuma taratibu mtu akitembea nayo, nacho chaweza kutumika badala yake.

Mota isipotii, mwanafunzi aanze na breki. Kwenye mpini wa breki mna swichi ndogo inayoiambia kontrola ikate umeme mara breki ikaminywapo. Mpini uliopinda baada ya kuanguka, au kebo iliyokazwa mno, huiacha swichi hiyo imefungwa, na baiskeli huonekana imekufa kabisa ingawa kioo kinawaka. Katika baiskeli nyingi inatosha kuchomoa viunganishio vya swichi hizo kimoja baada ya kingine. Mota ikifufuka, mkosaji amepatikana. Lakini swichi irudishwe au ibadilishwe kabla baiskeli haijarudi barabarani, maana katika miteremko yetu mota inayoendelea kusukuma wakati mtu anafunga breki ni hatari.

Ikiwa mashaka yamebaki kwenye kihisi cha pedeli, kipimo ni rahisi, nacho kina funzo zuri la fizikia. Aghalabu kihisi kina nyaya 3: moja huleta volti 5 hivi kutoka kwenye kontrola, moja ni ya kurudisha, na ya tatu ni ya ishara. Mwanafunzi apime kwanza kati ya waya wa kuleta na wa kurudisha. Pasipo na volti 5, kihisi hakina hatia, kwa kuwa hakikulishwa. Zikiwapo, apime kati ya waya wa ishara na wa kurudisha, huku mwenziwe akizungusha pedeli kinyumenyume na kwenda mbele polepole sana kwa mkono. Kipimo kiruke kati ya karibu sifuri na karibu volti 5. Kikibaki mahali pamoja, pete au kihisi ndicho chenye kasoro.

Kipimo hiki kifanywe kiunganishio kikiwa kimeunganishwa, ncha za mita zikiingizwa kwa nyuma. Vihisi vingi havitoi volteji vyenyewe. Huishusha ile inayoletwa na kontrola katika waya wa ishara. Anayekichomoa kwanza ndipo akipime atakuta hakuna kitu, na atakitupa kihisi kizima. Ncha za mita zishikwe kwa uangalifu pia, kwani waya wa volti 5 ukigusana na wa volti 36 kontrola huungua papo hapo, na hapo kweli itabidi iagizwe.

Pete ya sumaku ina vituko vyake. Ikivaliwa upande usio wake, kontrola hudhani kwamba mpandaji anazungusha nyuma, na msaada huja akirudisha pedeli. Bushi au golori za mhimili zikilegea, pete hucheza, ikaribie kihisi na kuwa mbali nacho, ndipo mwenye baiskeli husema "inashtuka". Nafasi kati ya vitu hivi viwili isizidi milimita 3 hivi. Wanafunzi wa huku hupenda kulilaumu vumbi jekundu. Vumbi lenyewe halizuii sumaku. Linaloharibu ni maji ya masika yanayoingia kwenye viunganishio na kuacha kutu ya kijani kwenye shaba. Mwanafunzi avifungue, avitazame kwenye mwanga, avikaushe na kuvisugua kabla ya kumshuku mwingine.

Sasa tuje kwenye hitilafu inayofaa zaidi kwa mazingira yetu: baiskeli inayokwenda vizuri tambarare na kukata msaada mlimani. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na mto Ruaha Mdogo unapita chini huko Ipogolo. Mwalimu wa Iringa hana haja ya kubuni mfano. Adai darasa likokotoe. Mpandaji, baiskeli na mzigo viwe kilo 100. Mwinuko uwe mita 8 kwa kila mita 100, na mwendo kilomita 10 kwa saa, yaani mita 2.8 kwa sekunde. Nguvu ya kupanda tu, bila kuhesabu upepo na matairi, ni 100 × 9.8 × 0.08 × 2.8, nayo ni karibu wati 220. Mota nyingi za baiskeli hizi zimeandikwa wati 250, kwa kuwa zimetengenezwa kwa kufuata sheria ya Ulaya. Kumbe kilima cha kawaida kinaidai mota karibu yote iliyo nayo, na mpandaji akiacha kusaidia kwa miguu, kontrola huvuta mkondo mkubwa.

Tuseme mkondo huo ni ampea 12. Betri ya volti 36 ina seli 10 za lithiamu kwa mfululizo. Ikijaa hufika volti 42, na ikishuka kufika volti 31 hivi kontrola nyingi hukata ili kuilinda. Kila betri ina ukinzani wa ndani. Betri nzima ikiwa na omu 0.2, ampea 12 zitaipunguzia volti 2.4, ikiwa imetulia kwenye 36, itabaki na 33.6, na safari itaendelea. Betri iliyochakaa ikiwa na omu 0.5 itapoteza volti 6. Itashuka hadi 30, na msaada utakatika katikati ya kilima. Mpandaji akishuka na kupumzika, mkondo haupo tena, volteji hurudi, kioo huonyesha betri imejaa nusu. Ndiyo maana ya "ukipumzika inapona". Nimeona wanafunzi waliokariri kanuni ya Ohm kwa miaka miwili wakiielewa siku walipokokotoa kilima chao wenyewe. Walimu wa Mbeya waongeze la baridi: asubuhi za Juni na Julai ukinzani wa ndani hupanda, hivyo baiskeli iliyopanda vizuri jana mchana huweza kukataa leo alfajiri kilima kile kile.

Kinyume chake ni malalamiko ya mteremkoni. Baiskeli zilizofuata sheria hiyo ya Ulaya huacha kusaidia zikifika kilomita 25 kwa saa. Anayeshuka kutoka mjini kwenda Ipogolo akizungusha pedeli bila kuona msaada hana hitilafu yoyote.

Kuhusu uendeshaji wa darasa, ninapendekeza mwalimu atege makosa mwenyewe: kipande cha plastiki kwenye kiunganishio, swichi ya breki iliyofungwa kwa uzi, pete iliyogeuzwa, kihisi kilichosogezwa milimita 6. Makundi yawe ya wanafunzi 4 au 5. Kabla ya kugusa chochote, kundi liandike daftarini: tunashuku nini, tutapima nini, tunatarajia kuona nini. Baada ya kipimo liandike kilichoonekana. Maksi zitolewe kwa daftari. Kundi lililobahatisha kosa kwa dakika mbili bila kuandika lisipate zaidi ya lile lililochukua nusu saa likieleza kila hatua. Wanafunzi watanung'unika, na wanunge'unike. Baadhi ya vioo vya usukani huonyesha namba za makosa; nashauri zifunikwe kwa karatasi katika wiki za mwanzo, kwani kila kiwanda kina namba zake, na aliyejifunza kusoma namba tu hataweza chochote siku kioo kisipowaka.

Shule isiyo na baiskeli ya umeme isikate tamaa. Kihisi cha pedeli na pete yake vyaweza kununuliwa peke yake na kufungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Betri kavu 3 za volti 1.5 zitatoa volti 4.5, zinazotosha vihisi vingi. Kikinza cha kiloomu 10 kiunganishwe kati ya waya wa kuleta na waya wa ishara, kichukue nafasi ya kontrola, na mita itaruka kama ilivyoelezwa. Hapo majaribio yote ya pete, nafasi na viunganishio yanawezekana.

Kifuko cha betri ya lithiamu kisifunguliwe darasani kwa sababu yoyote. Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa nguvu au iliyoingia maji isichajiwe; itolewe nje, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na mwenye nayo aelezwe sababu. Chaja iwe ile iliyokuja na baiskeli, na kazi ya kuchaji ifanyike mchana, mwalimu akiwapo.