Mrina asali na giza la Ipole

Mrina asali wa Ipole, mkoani Tabora, hupanda mtini jua likishazama, kienge cha moshi mkononi. Akiyakodolea yale makaa kwa muda, kisha akageuka kuitafuta njia ya kambini, haoni kitu. Itabidi angoje macho yazoee, na katika kungoja huko kuna kazi inafanyika ndani ya jicho. Fundi wake ni kimeng'enya kiitwacho RPE65.

Kwenye retina, nyuma ya jicho, kuna seli zenye umbo la vijiti, zile za kuonea gizani. Zimejaa rodopsini, protini iliyoshika kipande kidogo kitokanacho na vitamini A, kikiwa kimepinda. Mwanga ukikigusa, kinanyooka. Kule kunyooka ndiko kunakoishtua seli, na ubongo ukapata habari. Ila kikishanyooka hakijipindi tena. Ni mtego uliofyatuka: hadi utegwe upya, haunasi kitu.

Mtegaji haishi ndani ya kijiti. Kipande kilichonyooka huhamia tabaka la jirani, la seli nyeusi, na huko huunganishwa na mafuta. Hapo ndipo RPE65, chenye atomu moja ya chuma katikati, hukibandua kutoka kwenye mafuta na kukipinda kwa mkupuo mmoja. Kisha kinarudishwa kijitini. Baada ya mwanga mkali sana, jicho huchukua kama nusu saa kuurudia uwezo wake wote wa gizani.

Wengi hudhani jicho huichoma vitamini A kama koroboi inavyochoma mafuta. Sivyo: ni ileile, inayokunjwa na kukunjuliwa. Hata hivyo kidogo hupotea, na ini ndilo linalofidia. Akiba ya ini ikiisha, vijiti hutangulia kulalamika: mtoto aliyekuwa akikimbia mchana anajikwaa jioni, anapapasa sahani. Akiachwa hivyo, kioo cha mbele cha jicho hukauka, hata kikatoboka. Kwa kuwa ini huweza kutunza akiba ya miezi, watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka.

Chakula je? Michembe na matobolwa, vipande vikavu vya viazi vitamu vyeupe vinavyoshibisha nyumba nyingi za Unyamwezi, havina cha kulipa jicho. Lakini misafara ya kale iliacha miembe kando ya njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na embe bivu lina karotini ambayo utumbo huipasua ikawa vitamini A. Kasoro yake ni msimu. Tena karotini hutaka mafuta ili ifyonzwe, ndiyo maana mimi ningeulizwa ningechagua mawese mekundu ya Kigoma: karotini imo na mafuta ni hayohayo.

Wapo wachache waliozaliwa na jeni ya RPE65 yenye hitilafu. Hao vitamini A wanayo. Mtegaji ndiye hayupo. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba inayopeleka nakala nzima ya jeni hiyo chini ya retina ikiwa imebebwa na kirusi kisichodhuru. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Huku kwetu tofauti ya hali hizi mbili inaweza kuonekana mapema, bila mashine. Mtoto mwenye upungufu akipata dozi, kwa kawaida huanza kuona jioni ndani ya siku chache. Yule ambaye dozi haikumbadilisha hahitaji maembe zaidi, anahitaji daktari wa macho.