Kitchanga: Mitaa Iliyogawanywa Shambani

Kitchanga, mpakani mwa wilaya za Masisi na Rutshuru mashariki mwa Kongo, ni mji uliokuzwa na wakimbizi. Vita vya tangu miaka ya 1990 viliujaza watu, wengine wakaishia kambi ya wakimbizi ya Mungote, na kila kabila likakaa karibu na ndugu zake. Wengi huuita mgawanyiko huo wa mitaa chuki ya mababu. Siamini. Mitaa hiyo ilianza kugawanyika shambani. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamisha familia kutoka Rwanda hadi Masisi ili walowezi wapate vibarua, wakawapa utawala wao wa Gishari katika nchi ya Wahunde, kisha wakaufuta 1957. Sheria ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na haki za kimila zikaachwa zingoje amri ambayo haikutolewa. Wenye fedha na jamaa serikalini wakajipatia hati za mashamba makubwa ya ng'ombe. Mkulima, awe Mhunde au Mhutu mwenye asili ya Rwanda, akabaki na salongo: kumlimia mwenye ardhi siku kadhaa ili naye apate pa kupanda maharage. Umaskini wao ni mmoja, lakini kila mmoja amefundishwa kumlaumu jirani.

Wapo wanaosema soko litawapatanisha. Biashara ni njema, ila Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi na kuua maelfu. Kuuziana ndizi hakumalizi kesi ya shamba. Wengine husema kukaa na watu wako ni usalama, na nani atamlaumu mama anayetaka watoto wake walale salama? Lakini mtaa unaojulikana ni wa nani hulengwa kwa urahisi. Mapigano ya mwaka 2013 yaliteketeza nyumba nyingi Kitchanga.

Hoja nzito zaidi ni kwamba amani itangulie, ardhi ifuate. Lakini ardhi haingoji: Februari 2025 waasi wa M23 waliwapa wakimbizi wa kambi za Goma saa 72 kuondoka, na wengi walielekea Masisi. Anayekuta shamba lake linalimwa na mwingine hana pa kwenda ila kurudi mjini, mtaa wa kabila lake. Kwa hiyo mipaka ihakikiwe sasa, mbele ya mwami, yaani chifu wa kimila, wazee wa makabila yote na wanawake wanaolima, na haki ya mkulima iandikwe kama inavyoandikwa ya mwenye ng'ombe.