Kutambua Tarakimu Zilizobadilishwa katika Daftari la Kompyuta

Kila katibu aliyefunzwa kazi kwa daftari la wino anaijua kanuni ya kwanza ya masahihisho: tarakimu iliyokosewa haifutwi. Hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, iliyo sahihi huandikwa juu yake, na mwandishi hutia sahihi na tarehe pembeni. Kanuni hiyo ni kinga ya mwanachama, na ni kinga ya katibu mwenyewe siku anapofika mkaguzi.

Chama kinapohamishia hesabu za mapokezi ya mazao katika lahajedwali la kompyuta, kanuni hiyo hupotea kimya kimya. Ichukuliwe kwamba mkulima wa Endasak, wilayani Hanang, amepokelewa ghalani kilo 615 za mbaazi. Siku chache baadaye mtu anafungua daftari kutazama jambo jingine, kidole kinateleza, na 615 inakuwa 515. Hapana mstari wala wino uliokwaruzwa. Jumla iliyo chini ya ukurasa hujibadilisha papo hapo, nayo huonekana safi kabisa. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, mkulima huyo amepungukiwa shilingi 150,000. Siku ya malipo jumla hailingani na ile ya stakabadhi ya ghala, na katibu hulazimika kutafuta safu moja yenye kosa kati ya mamia. Yanayosemwa juu ya mbaazi yanahusu pia vitunguu saumu vya Bashay na ngano ya Basotu.

Programu ya Excel, ambayo hutumika katika ofisi nyingi, yaweza kuagizwa ipake rangi kila kisanduku kinachobadilishwa. Kazi hiyo hufanywa na makro, yaani maagizo mafupi yaliyohifadhiwa ndani ya daftari lenyewe, ambayo kompyuta huyatekeleza bila kukumbushwa. Maagizo ya namna hii huandikwa kwa lugha iitwayo VBA, iliyoingizwa katika Excel mwaka 1993.

Utaratibu wake si mgumu. Katibu hubonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya jina la ukurasa lililo chini ya daftari, kisha huchagua “View Code”. Juu ya dirisha linalofunguka mna orodha mbili: ya kushoto huchaguliwa “Worksheet”, na ya kulia “Change”. Kompyuta huandika yenyewe mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Kati ya mistari hiyo miwili huandikwa mmoja tu:

Target.Interior.Color = vbYellow

Maana yake ni kwamba kisanduku kilichoguswa kijazwe rangi ya manjano. Yafaa iangaliwe kwamba uchaguzi wa kwanza huzaa pia mistari yenye neno “SelectionChange”, hiyo ifutwe. Daftari lihifadhiwe kwa aina yenye herufi za mwisho .xlsm, kwa maana likihifadhiwa kama .xlsx maagizo yote hutupwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Makro haijui tofauti ya kuandika mara ya kwanza na kusahihisha, hivyo msimu wa mapokezi ukurasa wote utageuka manjano, na rangi iliyoenea kila mahali haimwambii mtu kitu. Kwa hiyo, hesabu za siku zikishahakikiwa na kufungwa, katibu aondoe rangi yote. Manjano yoyote itakayotokea baada ya hapo ni badiliko, na lazima liwe na maelezo.

Aidha, makro hii ina mapungufu. Baada ya kufanya kazi yake, amri ya kutengua kosa la mwisho huwa haipatikani tena. Kwa hiyo nakala ya daftari iwekwe kando kila jioni. Rangi haisemi nani aliyebadilisha, wala tarakimu ya zamani ilikuwa ipi. Kwa hayo huhitajika maagizo marefu zaidi, na ni nafuu yaandikwe mara moja na mtaalamu kwa ajili ya vyama vyote kuliko kila chama kujaribu peke yake. Daftari likifunguliwa kwa simu makro haifanyi kazi. Tena, tangu mwaka 2022 Excel huzuia makro za madaftari yaliyopokelewa kwa njia ya intaneti. Mtu akibadilisha tarakimu katika hali hizo, hapatakuwa na rangi yoyote. Na anayekusudia kuficha huweza kuifuta kwa kubonyeza mara mbili tatu.

Basi makro ni msaada dhidi ya kosa la kuteleza, ambalo ndilo la kila siku. Si mlinzi dhidi ya mwizi. Kwa huyo ingali inahitajika orodha iliyochapwa, ikatiwa sahihi na kamati, na kubandikwa mlangoni pa ghala kabla ya malipo, ili mkulima wa Endasak aje na stakabadhi yake mkononi na kuisoma 615 yake.