Maji taka ya mlimani humfikia wa bondeni

Mtu anapovuta maji chooni mjini Meru au Embu, hudhani shughuli imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mito mingi ya pande hizo huteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea mto Tana, Kathita ukipita Meru na Rupingazi ukipita Embu. Huko chini wako watu wanaoteka maji, wanaonywesha ng'ombe na wanaopanda nduma na sukuma wiki kandokando ya vijito. Uchafu ambao mji haukuusafisha, wao ndio huupokea.

Miji hii miwili ina nafuu, kwani ina mabomba ya maji taka yanayosimamiwa na kampuni za maji, MEWASS kwa upande wa Meru na EWASCO kwa upande wa Embu. Hata hivyo, si kila nyumba iliyounganishwa, na masoko mengi ya mashambani hutegemea choo cha shimo.

Kwa miji midogo, njia nafuu ya kusafisha maji taka ni mabwawa yanayofuatana. Haihitaji umeme wala dawa. Hata Nairobi hutumia njia hiyo huko Ruai. Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5, na humo uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa. La pili ni la kina kifupi zaidi; mimea midogo ya kijani hutumia mwanga wa jua kuyapa maji hewa safi. Katika mabwawa ya mwisho, jua lenyewe huua viini vya maradhi. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na wakati wa baridi ya Julai, ukungu unapofunika miteremko ya mlima, huenda polepole zaidi.

Adui mkubwa hapa si harufu, ingawa ndiyo watu huilalamikia. Ni mayai ya minyoo. Mnyoo mmoja jike wa aina ya askari huweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku, na mayai hayo hudumu udongoni kwa miaka. Klorini haiyaui kwa urahisi. Dawa yake ni kuyapa maji muda wa kutulia ili mayai yazame. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1989 kwamba maji ya kunyunyizia mboga zinazoliwa mbichi yasiwe na zaidi ya yai 1 kwa lita, wala bakteria wa kinyesi zaidi ya 1,000 kwa mililita 100. Sukuma wiki hupita motoni, lakini nyanya na dhania za kachumbari hazipiti.

Mabwawa huharibika kimyakimya. Tope lisipoondolewa kila baada ya miaka michache, nafasi hupungua na maji hupita haraka kabla ya kusafika. Kwa macho ya mpita njia bwawa bado limejaa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na fedha za kuzoa tope ndizo hukatwa kwanza katika bajeti. Magugu nayo yakiachwa yaote ukingoni huwapa mbu mahali pa kuzalia. Jambo jingine ni magari ya kufyonza vyoo: mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza dereva anakwenda kumwaga wapi, na jibu lisiwe mtoni.

Kwa wasio na bomba, choo cha shimo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Katika shamba jembamba la Embu au Meru, linaloanzia barabarani na kuishia mtoni, hilo si jambo rahisi. Mara nyingi itabidi mkae na jirani na kupima pamoja kabla ya yeyote kuanza kuchimba. Afisa wa afya ya umma aweza kuwaonyesha mahali panapofaa.