Kilimo cha uani (2): Nunua marando machache, ununue mapema

Sehemu ya kwanza ilihusu udongo na uzio. Leo tunaingia kwenye mbegu, na hasa mbegu ya viazi kwa mtu mwenye eneo dogo tu nyuma ya nyumba, awe Bariadi mjini, Maswa au Lamadi.

Kabla hajatoa fedha mfukoni, ajiulize anataka viazi gani. Viazi mviringo ni zao la baridi, ndiyo maana makao yake makuu nchini ni Njombe, Mbeya na Iringa. Joto likizidi, mmea hustawisha majani na kuchelewa kuweka viazi, na likizidi sana hauweki kabisa. Kwa hali ya hewa ya Simiyu, anayepanda viazi mviringo anacheza bahati nasibu. Wengi huongeza kosa la pili: huchagua sokoni viazi vya kula vilivyoanza kuchipua, wakavifukia bustanini kama mbegu. Kiazi kinaweza kuonekana kizima kumbe ndani kimebeba bakteria wa mnyauko. Bakteria hao wakishaingia ardhini hukaa miaka kadhaa, na hawaishii kwenye viazi. Nyanya, bilinganya na pilipili za bustani hiyo hiyo nazo zitanyauka. Kilo mbili za mbegu ya kubahatisha zinaweza kukuharibia bustani nzima.

Kiazi cha Simiyu ni kiazi kitamu. Ndicho kinachokatwa vipande na kuanikwa kikiwa kibichi kikawa michembe, au kuchemshwa kwanza kikawa matobolwa, chakula kilichovusha kaya nyingi za Usukumani miezi ya ukame. Mbegu yake ni marando, yaani vipande vya shina lake, na hapo ndipo shida ya mnunuzi mdogo inapoanzia. Mahindi au mchicha utapata pakiti dukani ukaiweka kabatini hadi mvua inyeshe. Marando ni kitu kibichi. Yakishakatwa, ndani ya siku tatu hivi yawe yameshapandwa, la sivyo yanaanza kuharibika. Hakuna duka la pembejeo linaloweza kuyaweka rafuni, kwa hiyo mbegu hii haina budi kutoka karibu, kwa mtu mwenye bonde lenye unyevu, lambo au kisima.

Mkoa wa Simiyu hukauka kuanzia Juni hadi Oktoba. Mashamba yaliyovunwa hufunguliwa mifugo, na ng'ombe na mbuzi humaliza kilichobaki. Mvua za Novemba zinapoanza, kila mtu anatafuta marando siku moja. Hapo mwenye nayo huuza chochote alichonacho, na mnunuzi huchukua chochote anachopewa, yakiwemo marando yaliyochakaa kwa virusi.

Ugonjwa wa virusi wa viazi vitamu hutokana na virusi wa aina mbili wakikutana kwenye mmea mmoja. Mmoja huenezwa na vidukari, mwingine na inzi weupe. Kila mmoja peke yake huweza kuvumilika, lakini wakiungana mmea hudumaa, majani huwa madogo, hujikunja na kupauka, na mavuno huweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Kwa kuwa kiazi hupandwa kwa shina, virusi huhama na mbegu msimu hadi msimu. Mkulima husema ardhi imechoka, kumbe mbegu ndiyo iliyochoka.

Kwa hiyo mwenye bustani ndogo asiogope udogo wake, kwa sababu ndio unaompa nafasi. Anayelima ekari moja kwa matuta ya mita moja na nafasi ya sentimita 30 anahitaji marando zaidi ya 13,000, na hawezi kuyakagua yote. Wewe mwenye matuta matano ya mita nne unahitaji kama 65 tu. Na hata hayo 65 huna haja ya kuyanunua yote. Nunua 20 yaliyo safi, uyanunue mapema Septemba, wakati soko limelala. Hata kama bei iko juu kwa sababu ya uhaba, ni marando 20 tu, na nyongeza hiyo ni ndogo.

Nenda shambani kwa muuzaji mwenyewe, usingoje fungu liletwe mnadani. Msalimie, kisha uliza: "Mayu, haya umeyatoa shina la lini? Umewahi kuvuna hapa?" Shina changa la miezi miwili au mitatu ndilo zuri, lililozeeka huwa na mayai ya fukusi, hasa sehemu iliyo karibu na ardhi. Pita kati ya mistari utazame. Ukiona mashina yaliyodumaa yenye majani yaliyopauka yametapakaa kila kona, aga kwa heshima uondoke. Ukiridhika, omba akate sentimita 25 hadi 30 kutoka nchani. Funga kwenye gunia lenye unyevu, usiloweke kwenye maji, na usiyaanike juani juu ya bodaboda.

Nyumbani andaa kitalu cha mita moja ya mraba karibu na maji ya kuoshea vyombo. Kata kila rando vipande viwili au vitatu, kila kimoja kiwe na macho matatu, upande kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 20. Kitalu hicho kitabeba vipande 50. Mwagilia, zungushia miiba kuzuia mbuzi na kuku, na ung'oe bila huruma mche wowote unaojikunja. Baada ya wiki sita hadi nane utakata marando yako mwenyewe, ya kutosha matuta yote na ya kumgawia jirani, mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Kuhusu aina, uliza TARI Ukiriguru, Misungwi, kituo cha utafiti kilicho karibu nasi, au ofisi ya kilimo ya halmashauri yako. Wao ndio wanaojua wazalishaji waliosajiliwa. Mbegu ya viazi vitamu inaweza kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na kuuzwa kama mbegu ya kuazimiwa ubora. Mradi wa Marando Bora ulioendeshwa Kanda ya Ziwa miaka ya mwanzo ya 2010 ulitegemea wazalishaji wadogo wa vijijini. Ukitaka viazi vya rangi ya chungwa, Kabode ni chaguo zuri. Aina hiyo ilitoka Uganda, kazi ya timu ya Dk. Robert Mwanga, mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kiazi cha gramu 125 cha namna hiyo humtosheleza mtoto vitamini A ya siku. Lakini aina nyingi za rangi hiyo zina maji mengi kuliko viazi vyeupe. Anayependa michembe mikavu apande matuta mawili ya kila namna.

Ukishapata mbegu safi, usirudi sokoni kila mwaka. Wakati wa kuvuna, teua viazi vya wastani visivyo na tundu la fukusi, kutoka mashina yaliyokuwa na afya. Vipange kwenye beseni, tabaka la mchanga mkavu uliopoa, tabaka la viazi visivyogusana, hadi juu, uliweke ndani mahali penye ubaridi, mbali na panya. Kagua kila mwezi, toa kilichooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, uvipande kitaluni na umwagilie kila baada ya siku nne au tano. Kiazi kimoja huweza kuchipua makumi ya marando. Njia hii ilifanyiwa utafiti Uganda na Tanzania kwa ajili ya maeneo yenye kiangazi kirefu kama chetu. Haiui virusi, kwa hiyo mimea ikianza kudumaa, tafuta tena marando 20 mapya.

Sehemu ya tatu: fukusi wa viazi na namna ya kuinua tuta.