Chakula cha mchana na anayekileta

Mzee asipoitika, chakula hakiachwi mlangoni. Katika miji mingi ya Marekani, kila anayejitolea kusambaza chakula cha Meals on Wheels, huduma ya kuwapelekea wazee chakula nyumbani, hufundishwa kanuni hiyo kabla ya kukabidhiwa mfuko. Atabisha tena, atachungulia dirishani, kisha atapiga simu ofisini. Ofisi itampigia mzee, halafu mwanawe au jirani aliyeandikwa kwenye fomu. Wote wasipopatikana, polisi huombwa wakamwangalie. Wako wazee waliokutwa sakafuni bafuni, wameteleza tangu usiku, wakaokolewa kwa kuwa tu mchana kuna mtu wa kuwaletea chakula.

Huduma hii ilizaliwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mabomu ya Wajerumani yalipobomoa nyumba na majiko Uingereza, wanawake wa Women's Voluntary Service, chama kilichoanzishwa na Lady Reading mwaka 1938, walianza kuwapelekea chakula wasioweza kujipikia. Vita vikaisha, wazo likavuka bahari. Januari 1954, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Margaret Toy aliianzisha huduma hiyo Philadelphia kwa wazee, huku wanafunzi wa sekondari wakisaidia kusambaza.

Agosti 9 mwaka huohuo, jiko jingine liliwashwa Port Adelaide, Australia. Mwanzilishi wake, Doris Taylor, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya kuanguka utotoni. Hakuona sababu ya mzee kuhamishwa nyumbani kwake na kupelekwa kwenye makao ya wasiojiweza eti kwa vile tu hawezi tena kusimama jikoni. Siku ya kwanza walikula wazee 8, wakihudumiwa na watu 11 waliojitolea. Watumishi walizidi walaji!

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilitenga fedha za lishe ya wazee, na mwaka 1978 sheria ikatambua rasmi chakula kinachopelekwa nyumbani. Kila mlo lazima ubebe angalau theluthi moja ya lishe ya siku. Mzee huombwa achangie anachoweza. Asiye nacho hanyimwi.

Lakini kazi yenyewe haiishii kwenye trei ya kuku na viazi. Anayeleta ndiye anayemfungulia pakiti ya maziwa bibi ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Ndiye anayegundua kwamba chakula cha jana hakijaguswa, kwamba nyumba ina baridi kuliko nje, au kwamba babu leo anarudia swali lilelile. Ni wasambazaji pia waliogundua kuwa baadhi ya wazee walikuwa wakimmegea paka au mbwa nusu ya mlo wao. Siku hizi ofisi nyingi hupeleka na chakula cha mnyama.

Je, dakika hizo chache mlangoni zina uzito wowote? Kali Thomas, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, alilichunguza swali hilo kwa wazee 626 waliokuwa kwenye orodha za kusubiri katika miji minane. Baadhi waliletewa chakula cha moto siku za kazi, wengine walipewa vyakula vilivyogandishwa mara moja kwa wiki, na waliobaki waliendelea kusubiri. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliobishiwa hodi kila siku ndio waliopata nafuu kubwa zaidi, na kwa walioishi peke yao upweke ulipungua.

Hapo ndipo penye mvutano. Kujaza friza ya mzee mara moja kwa wiki kunaokoa mafuta na madereva, na bajeti ikibana huo ndio mkato ulio karibu. Wakati wa Uviko, ofisi nyingi ziliufuata kwa lazima, zikajaribu kuziba pengo kwa kuwapigia wazee simu za kuwajulia hali.

Madereva nao ni wa kutafuta. Wengi wanaojitolea ni wastaafu, na si ajabu kumkuta mzee wa miaka 75 akimpelekea chakula mtu wa rika lake, petroli ikitoka mfukoni mwake. Baadhi ya ofisi sasa zinayaomba makampuni yachukue njia moja moja, wafanyakazi wakipokezana zamu saa ya chakula cha mchana.