Neno «filter» kwenye pompi: kuchuja si kutoa sumu



Wengi mumetuuliza juu ya neno «filter» lenye kuandikwa kwenye karatasi ya Kiingereza ya pompi ya kupulizia. Maana yake ni chujio. Tena ni kuchuja. Kwa Kifaransa ni «filtre».

Chujio ya kwanza iko kwenye mdomo wa tangi. Inazuia mchanga na majani yasifike kwenye pua ya pompi na kuiziba. Musiitoe ili dawa iingie mbio. Dawa ya pilipili na majani ya kuponda, muichuje kwanza na kitambaa safi. Pua ikiziba, muioshe na maji na brashi laini. Musiipulize kwa mdomo hata siku moja.

Lakini tusidanganyike. Chujio inashika tu kitu chenye kushindwa kupita kwenye matundu yake. Mutie chumvi ndani ya maji safi, mukoroge, muchuje na kitambaa, kisha muonje: chumvi ingali mule. Sumu ya dawa iliyoyeyuka inapita vilevile. Vijidudu vya kuharisha navyo ni vidogo sana, vingi vinapita.

Kwa hiyo maji ya mto ya kunywa tuyachuje, halafu tuyachemshe mpaka yatokote. Na bidoni iliyobeba dawa, hakuna kitambaa cha kuiponya: isitiwe tena maji ya kunywa wala mafuta ya kula.